Kukabiliana na Kiwewe cha Pili: Mwongozo kwa Wanaowalinda Watoto Arusha na Moshi

Afisa ustawi wa jamii anaweza kumaliza mwaka mzima bila kushuhudia hata kipigo kimoja, na bado akawa anaota ndoto za mtu aliyepigwa. Vipigo vyote amevisikia kwa watoto wenyewe, akaviandika kwenye ripoti, akavisoma upya asubuhi ya kwenda mahakamani, na katikati ya hapo akavisimulia tena kwa askari wa dawati, kwa daktari na kwa mkuu wake wa kazi. Mwanasaikolojia Mmarekani Charles Figley aliieleza hali hii kwa kina mwaka 1995, na mwongozo wa utambuzi wa magonjwa ya akili uliotolewa Marekani mwaka 2013 unakubali kwamba mtu anayesikia mara kwa mara, kwa sababu ya kazi yake, undani wa mambo ya kutisha anaweza kupata maradhi yaleyale ya kiwewe yanayompata aliyetendewa. Mfano unaotolewa humo ni wa polisi wanaoshughulikia ukatili dhidi ya watoto. Hapa tutaiita hali hiyo kiwewe cha pili.

Maelezo yanayofuata yanawahusu maafisa ustawi wa halmashauri, askari wa Dawati la Jinsia na Watoto, wahudumu wa mashirika na walezi wa makao ya watoto katika miji ya Arusha na Moshi na vitongoji vyake. Yanawahusu pia wasimamizi wao, na pengine hao zaidi, kwa kuwa sehemu kubwa ya kinga iko mikononi mwa anayepanga kazi kuliko anayeifanya. Desturi iliyozoeleka ni kuwakusanya watumishi mara moja kwa mwaka katika ukumbi wa hoteli, kuwafundisha namna ya kupumua na umuhimu wa kula matunda, kisha kuwarudisha kwenye meza zilezile na mafaili yaleyale. Sina ugomvi na matunda. Lakini kiwewe cha pili huingia kwa kiasi cha masimulizi mtu anachokipokea na namna anavyokipokea, na kinga yake ianzie hapohapo.

Tambua kwanza unaumwa nini

Mtumishi akisema amechoka, kuna mambo matatu anayoweza kuwa anayasema, na dawa zake hazifanani. La kwanza ni uchovu wa kazi wenyewe: mafaili ni mengi, gari halina mafuta, posho haijatoka, na afisa mmoja ana kata nyingi kuliko anazoweza kuzifikia. Shirika la Afya Duniani limeuingiza uchovu huu katika orodha yake ya kimataifa ya magonjwa, ICD-11, iliyoanza kutumika mwaka 2022, kama hali itokanayo na kazi na siyo ugonjwa. Likizo na kupunguziwa mzigo huusaidia sana.

La pili ndilo kiwewe cha pili. Hili halihitaji mafaili mia. Kesi moja inatosha. Picha ya jambo ambalo mtu hakuliona humjia bila kuitwa, akiwa anapika au akiwa kwenye ibada. Huanza kukwepa kila kinachoikumbusha, na mwili hukaa chonjo usiku kucha kana kwamba kuna mtu mlangoni. Likizo peke yake haiondoi hali hii. Anayekwenda nyumbani Rombo kwa wiki tatu hurudi akaikuta picha ileile inamsubiri kwenye ngazi za ofisi, na hapo hujiona ana kasoro, kwa sababu wenzake waliokuwa wamechoka tu wamerudi wakiwa wazima.

La tatu ni uchungu wa kuona haki imepinda. Mtoto ameeleza, daktari amejaza fomu namba tatu ya polisi, jalada limefunguliwa, kisha wazee wa pande mbili wanakaa kikao, mbuzi na fedha vinapita, na siku ya kesi mama wa mtoto anasema hakumbuki chochote. Afisa aliyeishughulikia kesi hiyo kwa miezi anaweza kulala vizuri na bado akawa amekata tamaa na kazi. Huyu mazoezi ya kupumua hayatamsaidia. Anahitaji wakubwa wake waseme waziwazi kwamba kilichotokea si haki, na kwamba halikuwa kosa lake.

Katika utendaji, dalili za kiwewe cha pili huonekana kwenye kazi kabla mhusika hajazikiri. Faili fulani hukaa chini ya rundo kila mara linapopangwa upya. Afisa huanza kuzunguka kwa njia ndefu ili asipite mtaa wenye nyumba ile. Anamkataza bintiye kulala kwa mjomba ambaye hajawahi kumtilia shaka. Anayekuwa mkali kwa mtoto, akimkatiza na kumwambia “wewe unadanganya”, mara nyingi anajikinga asisikie sehemu inayofuata. Kuna pia dalili inayosifiwa, na kwa hiyo ni ya hatari: afisa anayempa mtoto namba yake binafsi apige usiku wowote, anayelipa ada kutoka mfukoni mwake, na siku moja anamchukua mtoto akalale kwake. Ofisi humwita mtu wa huruma. Msimamizi makini hukaa naye chini wiki hiyohiyo.

Kipo kipimo kinachotumiwa sana na watafiti, kilichotayarishwa na Brian Bride na wenzake na kuchapishwa mwaka 2004, chenye kauli 17 zinazouliza mtu alivyokuwa katika siku saba zilizopita. Bride alipokitumia kwa maafisa ustawi wa jimbo moja la kusini mwa Marekani, matokeo yake ya mwaka 2007 yalionyesha kwamba takriban asilimia 15 walikuwa na dalili za kutosha kufikia vigezo vya maradhi ya kiwewe. Kwa matumizi ya kila wiki hakihitajiki kipimo rasmi. Kila Ijumaa kabla ya kufunga ofisi, andika katika daftari lako binafsi mistari mitatu: nimelalaje wiki hii, ni picha gani imenirudia bila kuiita, na ni faili gani nimelikwepa. Jibu la wiki moja halina uzito mkubwa. Faili lilelile likijitokeza Ijumaa tatu mfululizo, una jambo la kulipeleka kwa msimamizi.

Kuna habari nyingine ambayo kila msimamizi anapaswa kuikumbuka. Utafiti wa kitaifa wa ukatili dhidi ya watoto uliofanyika Tanzania mwaka 2009 ulikuta kwamba karibu wasichana 3 kati ya 10 na mvulana 1 kati ya 7 walifanyiwa ukatili wa kingono kabla ya kutimiza miaka 18. Maafisa, askari na walezi walikua katika nchi hiihii. Katika chumba chochote cha wafanyakazi wa ustawi wamo ambao simulizi ya mtoto ni yao pia, na hao huumizwa upesi zaidi. Usiwaulize. Weka tu utaratibu unaomruhusu mtumishi yeyote kukabidhi kesi kwa mwenzake bila kutoa sababu, na usiandike popote kwamba ameitumia nafasi hiyo.

Punguza unachokisikia na unachokiona

Hatua ya kwanza haina gharama yoyote, nayo ni kusafisha makundi ya WhatsApp. Kamati nyingi za kata na mitandao ya mashirika huwa na kundi la kupashana habari, na humo hutumwa picha za majeraha ya watoto, wakati mwingine na sura zao, ili “wadau waone”. Mtu anayefungua simu kuangalia kama nduguye amefika salama kutoka Dar es Salaam anakutana na mgongo wa mtoto uliochapwa kwa waya. Picha hiyo inamvunjia mtoto faragha ambayo Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 inataka ilindwe, na inawaumiza watu thelathini ambao hawana la kufanya nayo. Kanuni iwe fupi: picha za majeraha hupigwa na daktari au polisi kwa ajili ya ushahidi, na hazipiti kwenye kundi lolote. Kwenye kundi iandikwe kata, umri wa mtoto, aina ya msaada unaohitajika na jina la afisa anayeshughulikia, basi. Kila mmoja azime pia upakuaji wa picha wa moja kwa moja katika simu yake, kwa sababu kanuni huchukua muda kuzoeleka.

Hatua ya pili ni kumsikiliza mtoto mara moja tu. Mtoto anayeanza kueleza kwa mwenyekiti wa mtaa, akaeleza kwa mtendaji, akaeleza kituo cha polisi, akaeleza hospitali na mwisho akaeleza ustawi, ameumizwa mara tano, na njiani wameumizwa watu wazima watano. Palipo na kituo cha huduma jumuishi hospitalini, askari wa dawati, mganga na afisa ustawi wapange kumsikiliza kwa pamoja, mmoja akiuliza na wengine wakiandika. Mwenyekiti na mtendaji wafundishwe kuuliza mambo matatu tu: nani, lini, na kama mtoto yuko salama leo usiku. Undani si kazi yao, na wengi hushukuru kuambiwa hivyo.

Kabla ya mazungumzo, soma katika faili yale tu unayohitaji kuyajua kwa kazi ya siku hiyo. Anayekwenda kukagua familia ya kumpokea mtoto hahitaji kurudia maelezo ya polisi neno kwa neno. Kula kabla ya kwenda. Ziara ya nyumba ambayo mtuhumiwa anaishi usiiendee peke yako, hata kama wenzako wanasema wewe ni mkakamavu. Hofu ya kudhuriwa ikichanganyika na simulizi, picha hushika zaidi.

Wakati wa kusikiliza, jambo linaloleta madhara makubwa ni kujiweka mahali pa mtoto, au kumweka mwanao mahali pake. Wengi hufanya hivyo wakiamini ndiyo huruma. Jiulize badala yake: huyu mtoto aliyekaa mbele yangu anahisi nini sasa hivi, na anahitaji nini kwangu dakika hii? Swali hilo humfanya msikilizaji abaki chumbani. Ukiona umeanza kumwona mwanao, kanyaga sakafu kwa nyayo zote mbili, toa pumzi polepole kwa muda mrefu kuliko ulivyoivuta, na tazama kitu kimoja kilichopo mezani hadi ukitambue vizuri: kalamu, kifuniko chake kilichotafunwa, rangi ya wino. Mtoto hatajua kwamba umefanya chochote.

Kuandika nako kuna ufundi wake. Maneno ya mtoto kuhusu alivyotendewa yaandikwe mara moja tu, kama alivyoyasema, katika hati moja. Nyaraka zinazofuata, yaani ripoti ya uchunguzi wa kijamii, barua ya rufaa na taarifa ya robo mwaka, zitaje hati hiyo kwa tarehe na ukurasa bila kunakili undani. Nimeona taarifa za robo mwaka zenye aya nzima za mambo ambayo mfadhili hakuyauliza, na mchapaji aliyelazimika kuyapiga chapa, ambaye hakuna aliyemhesabu kuwa ni mfanyakazi wa ulinzi wa mtoto, ndiye aliyekuwa hawezi kulala. Ripoti iandikwe ofisini kabla ya saa kumi jioni. Faili lisiende nyumbani, kwa sababu ya siri ya mtoto na kwa sababu ya usingizi wako.

Kutoka ofisini kwenda nyumbani

Akili inahitaji ishara kwamba zamu imekwisha. Wengine hubadilisha viatu ofisini, wengine hushuka daladala kituo kimoja kabla na kumalizia kwa miguu. Chochote utakachochagua kifanye kila siku, hata siku nyepesi, kwa kuwa tendo linalofanywa siku mbaya tu huwa lenyewe ni ukumbusho wa siku mbaya. Simu ya kazi izimwe kwa asiye zamu. Ofisi ipange zamu ya usiku iliyoandikwa ukutani, na jamii iambiwe kwamba namba 116, Huduma ya Simu kwa Mtoto, hupigwa bure saa 24, ili kila jambo la usiku wa manane lisimwangukie afisa yuleyule kwa sababu tu namba yake inajulikana mtaani.

Kuhusu pombe nitasema wazi, maana Moshi na Arusha hakuna anayeshangaa mtu akipitia mahali kupata mbili tatu baada ya kazi, na mbege haikosi kwenye sherehe wala msiba. Anayekunywa na wenzake akicheka ana yake. Anayekunywa ili apate kulala ameanza kujitibu kwa kitu kinachokatakata usingizi na kuzirudisha ndoto alfajiri. Kipimo chepesi ni kujiuliza kama ungekipitia kile kiti cha baa siku ambayo hukusikiliza mtoto yeyote.

Sala huwasaidia wengi, na sioni haja ya kuitetea. Tatizo lililopo ni jingine: jumuiya ndogondogo, kwaya na vikundi vya maombi vya miji hii ni vidogo, na mtoto unayemwombea kwa “hitaji maalumu” anaweza kuwa jirani wa mtu aliyekaa kiti cha tatu. Ukitaja kata, iwe Pasua au Sombetini, darasa la mtoto na kazi ya baba, umeshamtaja. Omba kwa ajili ya hali yako wewe: “Niombeeni, kazi imenielemea na silali.” Hilo linatosha kwa Mungu na halimvunjii mtoto siri yake. Kanuni hiyohiyo itumike kwa mume au mke. Mwenzi ana haki ya kujua kwamba leo umeumia na unahitaji utulivu, na hana haja ya kubebeshwa kilichosemwa.

Kuzungumza na mwenzako bila kumhamishia

Mtu akitoka kusikia jambo zito hutafuta wa kumwambia, na wa karibu ni aliye meza ya jirani. Hutokea hivi: saa nne, chai na maandazi, mmoja anaingia akisema “Jamani, hamtaamini nilichokisikia leo,” na kabla mtu hajameza tonge ameshamaliza kueleza. Yeye amepata nafuu. Wanne waliokaa pale wamepata picha mpya, na mmoja wao alikuwa anajiandaa kwenda kumsikiliza mtoto mwingine.

Utaratibu unaofaa una mambo matatu: kutoa tahadhari, kuomba ridhaa, na kueleza kidogo kinachotosha. Kwa maneno ya ofisini husikika hivi:

“Dada, nimetoka kumsikiliza mtoto wa darasa la pili, na kuna sehemu imenikaa. Ningeomba dakika kumi zako. Sitakueleza alivyofanyiwa, nataka kukueleza kinachonisumbua mimi. Unaweza sasa hivi?”

“Pole, kaka. Sasa hivi siwezi, nina mtoto hapo nje nampeleka hospitali ya Mawenzi. Njoo saa nane, nitakuwa nimerudi.”

Jibu hilo la kukataa ni sehemu ya utaratibu, na asiyelizoea ataona ni ukatili. Anayeruhusiwa kusema “siwezi sasa hivi” ndiye ambaye akisema “naweza” atasikiliza kweli. Saa nane ikifika, aanze na hisia na mwili: “Niliona ganzi mikononi, sikuweza kuandika jina lake.” Undani utajwe ikiwa tu uamuzi wa kikazi unautegemea, na hapo mahali pake ni kwa msimamizi.

Saa moja kwa wiki

Kama ofisi ina uwezo wa kufanya jambo moja tu kati ya yote yaliyomo humu, lifanyike hili: kila mtumishi anayesikiliza watoto akae na msimamizi wake saa moja kila wiki, kwa siku na muda usiobadilika, simu zikiwa zimezimwa. Nusu ya kwanza ni ya kesi na hatua zilizofikiwa. Nusu ya pili ni ya mtumishi: kesi gani inakufuata nyumbani, umeigusa mara ya mwisho lini, unataka nikusaidie kuibeba, kuigawa au kuihamisha? Msimamizi asiitumie saa hii kukagua mahudhurio wala kukumbushia taarifa zilizochelewa. Akifanya hivyo mara moja, wiki ijayo ataambiwa kila kitu ni shwari.

Wengi hujibu kwamba muda haupo. Moshi yenyewe ilikuwa miongoni mwa maeneo ya utafiti uliochapishwa mwaka 2020, ambapo watoto 640 wa Kenya na Tanzania waliofiwa na wazazi walishirikishwa kupima tiba ya kiwewe iliyotolewa na washauri wasio wataalamu wa afya ya akili. Tiba hiyo ilionyesha nafuu zaidi ya huduma ya kawaida katika maeneo matatu kati ya manne mara ilipomalizika, na washauri hao walikuwa watu wa hapahapa waliofunzwa na kusimamiwa kwa karibu, bila kuachwa wajitegemee baada ya semina. Usimamizi wa mara kwa mara unawezekana katika mji huu, maana umeshafanyika.

Katika saa hiyo msimamizi atajifunza pia jinsi ya kugawa kesi. Kosa linalorudiwa karibu kila ofisi ni kumpa kesi zote za ukatili wa kingono mwanamke mmoja, kwa kuwa “yeye ameshazoea”. Anayeonekana amezoea mara nyingi amekufa ganzi, na ganzi ni dalili. Andika kwenye ubao wa ndani aina ya kesi kila mmoja alizonazo, siyo idadi yake tu: matunzo ya mtoto kati ya wazazi waliotengana, mtoto wa mtaani anayerudishwa kwao, utelekezaji, ulawiti, binti aliyekimbia ukeketaji. Mtu mwenye mafaili kumi ya matunzo na mwenye kumi ya ulawiti hawana mzigo sawa. Hakikisha kila afisa ana angalau kesi chache zinazoelekea kuisha vizuri, na mpe nafasi ya kwenda mwenyewe siku mtoto anapounganishwa na bibi yake kule Kibosho au Ngaramtoni. Kazi hii hukomaza wanaoiona ikifaulu.

Walezi wa makao

Kwenye semina za kiwewe walezi hawaitwi. Wanaoitwa ni meneja na afisa ustawi, ilhali anayelala chumba cha jirani na watoto ni mama mlezi. Yeye ndiye anayebadilisha shuka saa tisa usiku, anayeshikwa kwa nguvu na mtoto anayepiga kelele usingizini, na anayeambiwa gizani yale ambayo mtoto hakumwambia afisa mchana. Asubuhi anatakiwa kupika uji.

Mlezi apewe robo saa ya makabidhiano kila asubuhi, aeleze kwa mtu mmoja aliyepangwa usiku ulikuwaje, na yaliyosemwa na mtoto yaandikwe na huyo mtu ili yasibaki kichwani mwa mlezi. Saa zake zihesabiwe. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inaweka saa 45 za kawaida kwa wiki, mapumziko ya saa 24 mfululizo kila wiki na likizo ya siku 28 kwa mwaka, na kulala kazini hakumwondolei mlezi haki hizo. Makao yenye walezi wawili kwa watoto ishirini yatahitaji wa tatu, hata wa siku chache, kabla ya kuhitaji bembea mpya.

Miji yetu ina jambo lake la pekee, nalo ni wageni wa kujitolea wanaokuja kwa wiki mbili. Wengi wana moyo mzuri. Baadhi yao humkalisha mtoto na kumuuliza yaliyompata, mtoto anaeleza, wote wawili wanalia, na mgeni anapanda ndege Kilimanjaro wiki inayofuata. Anayebaki kumtuliza mtoto kwa usiku kadhaa ni mama mlezi, ambaye hakuulizwa. Makao yaandike katika masharti ya kupokea wageni kwamba hakuna mgeni anayemhoji mtoto kuhusu maisha yake ya nyuma, na mlezi apewe mamlaka ya kuyakatisha mazungumzo ya namna hiyo palepale.

Mtoto anapofariki, na wakati wa kwenda hospitali

Mtoto uliyekuwa unamshughulikia akifariki, au kukitokea jambo zito lingine, ofisi hupata hamu ya kuwaketisha wote siku hiyohiyo na kumtaka kila mmoja aeleze alichokiona. Usifanye hivyo. Miongozo ya Shirika la Afya Duniani ya mwaka 2013 kuhusu hali zitokanazo na msongo inashauri kutotumia vikao vya namna hiyo kwa watu waliopatwa na tukio karibuni, na inashauri pia wasipewe dawa za kutuliza za kundi la benzodiazepini kwa ajili ya dalili za mwanzo. Kinachofaa ni cha kawaida: usafiri wa kwenda msibani, mtu wa kumsindikiza nyumbani, kutompa kesi mpya nzito kwa siku chache, na kumwambia saa na mahali ambapo msimamizi atakuwepo akitaka kuzungumza. Asiyetaka asilazimishwe. Msimamizi amtafute tena baada ya wiki moja, kisha baada ya mwezi, maana wiki ya kwanza wengi huwa na nguvu za kushangaza.

Dalili zikidumu zaidi ya mwezi mmoja, zikiharibu kazi au ndoa, au zikija na mawazo ya kujidhuru, hapo ni tabibu. Kwa mawazo ya kujidhuru usisubiri hata siku moja, na usimwache mwenzako aende peke yake. Huduma za afya ya akili zinapatikana katika hospitali za rufaa za mikoa, Mount Meru kwa Arusha na Mawenzi kwa Kilimanjaro, pamoja na hospitali ya KCMC iliyoko Moshi. Mweleze daktari kazi unayoifanya, siyo usingizi tu, vinginevyo utarudi na vidonge vya usingizi. Tiba zenye ushahidi kwa kiwewe ni za mazungumzo ya mpango maalumu, za vikao kadhaa. Kwa anayehitaji kupumzishwa, sheria hiyohiyo ya mwaka 2004 inatoa likizo ya ugonjwa ya hadi siku 126 katika kipindi cha miezi 36, siku 63 za kwanza kwa mshahara kamili na 63 zinazofuata kwa nusu.

Anayerudi kazini baada ya matibabu aanze na ziara za ufuatiliaji na kesi za matunzo, kisha aongezewe nzito moja moja kwa makubaliano katika ile saa ya kila wiki. Jalada lililomuumiza akabidhiwe mwingine, lakini mahakama inaweza kumwita kutoa ushahidi miezi mingi baadaye, na hati ya wito ikifika ghafla yote hurudi kwa asubuhi moja. Kwa hiyo tarehe za kesi hizo zikae pia kwenye kalenda ya msimamizi, afisa aisome hati yake siku moja kabla akiwa na mtu pembeni, asindikizwe mahakamani, na asipangiwe mtoto wa kumsikiliza jioni hiyo.